Mwewe: Mdai, Mchoma Nyika, Mla Sadaka

Katika ngano za Afrika Mashariki mwewe ana haki zake. Kuku aliazima wembe kwake (wengine husimulia kuwa ni sindano), akaupoteza, na hadi leo anachakura uani akiutafuta huku vifaranga wakilipa deni. Huyu si mwizi, ni mdai. Ngano inatoa sababu ya hasara ambayo mfugaji hana dawa nayo, wala hakuna anayeuliza kama wembe ulikuwapo kweli.

Kaskazini mwa Australia mwewe mweusi, nasaba moja na huyu wetu mwenye mdomo wa njano, anasimuliwa hivi: nyika ikiungua, huokota kijiti chenye moto, akakidondosha mbele kwenye majani makavu. Panzi na mijusi wakikurupuka, yeye yupo tayari. Mwenyeji wa asili wa huko, Phillip Waipuldanya Roberts, aliyaeleza hayo katika kitabu *I, the Aboriginal* mwaka 1962. Mwaka 2017 ndipo makala katika jarida la *Journal of Ethnobiology* ilipokusanya ushahidi wa walioyaona kwa macho yao, wenyeji wa asili na wazima moto wakiwamo. Kwa muda mrefu maneno ya wenyeji yaliwekwa kapu moja na visa kama kile cha wembe. Naona hapo ndipo wengi walipoteleza: kisa cha kuku ni hukumu, cha Australia ni taarifa ya mtu aliyesimama karibu na moto.

Mapokeo ya Kiislamu yana vyote viwili. Hadithi mojawapo inamtaja mwewe miongoni mwa wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Na katika Sahihi ya Bukhari, Bi Aisha anasimulia habari za mjakazi aliyeachwa huru, akasingiziwa kuiba mshipi mwekundu wa ngozi. Mwewe ndiye aliyeunyakua akidhani ni nyama. Mwanamke akiwa bado anapekuliwa, ndege akapita na kuudondosha mbele ya washtaki. Anayewajua mwewe hatashangaa. Hunyakua kwanza, hutambua baadaye.

Lakini Delhi, Waislamu hurusha vipande vya nyama angani kuwa sadaka, na mwewe huvidaka kabla havijafika chini. Watafiti wameona kuwa mwewe wa mji ule hupendelea kujenga viota karibu na mitaa yenye desturi hiyo. Hapo mapokeo hayamwelezi ndege tu, yanampa makazi. Mji huohuo humjeruhi: nyuzi za tiara zilizopakwa unga wa vioo humkata mabawa. Ndugu wawili, Nadeem Shehzad na Mohammad Saud, walimpeleka majeruhi mmoja kwenye hospitali ya ndege wakakataliwa, kwa kuwa mgonjwa wao anakula nyama. Wakaanza kuwatibu mwewe nyumbani kwao, na filamu ya *All That Breathes* ya mwaka 2022 ikawaonyesha wakiwa kazini.