Flopi ya Pili: Windows 95 Katika Miji ya Jinja na Mbale

Historia ya kompyuta nchini Uganda huandikwa kwa tarehe za kuwasili. Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ilianzishwa Makerere mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baruapepe zikaanza kupita hapo hapo Makerere kwa waya wa simu. Tarehe hizo ni sahihi, lakini ni za Kampala, tena zinahesabu siku ambayo kitu kilifika tu. Kwa miji ya mashariki naona tuulize swali jingine: mashine ikishafika, iliwaka lini, na ni nani aliyeiwasha?

Kwa ajili ya insha hii nilizungumza na mafundi wawili, mmoja wa Jinja na mwingine wa Mbale. Wote walikuwa wakifanya kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Kompyuta wanazozikumbuka zilikuwa kuukuu, zimeshatumika ng'ambo, na nyingi zilifika zikiwa zimefutwa kila kitu. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni sanduku tu. Mfumo uliotakiwa na kila mteja ulikuwa Windows 95, uliotolewa na Microsoft mwezi Agosti 1995. Kwa mashine zisizo na kisoma sidii, mfumo huo uliuzwa ndani ya flopi 13. Fundi wa Jinja alikuwa na seti halisi. Yule wa Mbale hakuwa nayo, kwa hiyo aliiazima ili ainakili.

Hapa ndipo masimulizi yao yanapokutana. Flopi ya kwanza ilinakilika bila tabu. Ya pili ilikataa. Fundi wa Mbale alidhani flopi tupu aliyonunua ni mbovu, akatia nyingine, ikakataa. Akatia ya tatu, hali ikawa ile ile. Kisanduku chake bado kipo, nami nimekiona: lebo ya namba 1 ni safi, bali flopi zenye namba 2 ni tatu, na mbili kati yake zimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mpaka leo anaamini kosa lilikuwa la vumbi na la flopi za bei rahisi.

Mwanafunzi wa historia hufundishwa kuheshimu masimulizi ya mdomo, na pia kuyapima. Vumbi la Mbale wakati wa kiangazi halina mfano, na ni kweli kwamba liliua flopi nyingi. Lakini vumbi halijui kuhesabu. Lingekuwa ndilo chanzo, hasara ingetawanyika, leo namba 5, kesho namba 11. Isitoshe, kisomaji kile kile kilichoshindwa kutoa nakala kiliisoma seti halisi bila shida. Chanzo kilikuwa ndani ya flopi zenyewe. Flopi ya kawaida ina njia 80 kila upande, na kila njia ina vipande 18 vya baiti 512. Jumla ni kilobaiti 1,440. Microsoft iliiandaa flopi ya kwanza kwa mpango huo, kwa kuwa ndiyo ya kuanzia. Kuanzia ya pili hadi ya 13 ilibana vipande 21 katika kila njia, zikapatikana kilobaiti 1,680. Faili kubwa lililokuwa ndani halikuweza kuenea katika flopi ya kawaida, hata ingekuwa mpya na safi namna gani. Kwa kampuni faida ilikuwa mbili: flopi chache za kutengeneza, na ugumu kwa anayetaka kunakili.

Sitetei unakili usio na ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inazitaja hata programu za kompyuta. Ila mwanahistoria akiishia kusema waliiba, atakuwa amepita bila kuona jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika.

Fundi wa Jinja ndiye aliyegundua mlango wa nyuma. Faili lisiloenea katika flopi laenea katika diski kuu. Alizisoma flopi zote 13 moja baada ya nyingine, akayaweka mafaili katika folda moja ya diski kuu ya akiba, kisha akaichomoa diski, akaizungushia taulo na kupanda nayo gari la Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi. Mbale waliichomeka kando ya diski ya mashine mpya, wakabadilisha vijipini vya nyuma ili moja iwe ya kwanza na nyingine ya pili, wakasakinisha moja kwa moja kutoka kwenye folda. Mashine moja ilileta ukaidi: betri ndogo ya ubao mkuu ilikuwa imekufa, hivyo kila ilipozimwa ilisahau kwamba ina diski. Ilibidi namba zilizobandikwa juu ya diski ziandikwe upya kila umeme ulipokatika. Nao umeme ulikatika mara nyingi, hata Jinja kwenyewe, penye bwawa lililofunguliwa mwaka 1954.

Kwa hiyo Windows 95 haikuingia Mbale kwa flopi, kama kisanduku kile kinavyoweza kumdanganya mtu wa makumbusho. Iliingia ndani ya taulo. Flopi hazikutoweka, lakini. Windows 98 ilipokuja kwa sidii, mashine nyingi za zamani hazikuweza kuanza kwa sidii, zikahitaji flopi moja ya kuziamsha. Flopi hiyo ilijitengenezea diski ya muda ndani ya kumbukumbu na kuipa herufi D, hivyo sidii ikasogea hadi E, na wengi wakahangaika kuitafuta D. Flopi ya fundi wa Mbale ina maandishi ya wino mweusi juu ya lebo: E, si D.