Nyoka wa Rangi wa London: Historia Iliyoandikwa Daftarini

Kilburn High Road, barabara inayofuata njia ya kale ya Warumi kaskazini magharibi mwa London, ni mpaka wa halmashauri mbili. Upande wa magharibi ni Brent, upande wa mashariki ni Camden. Mkazi anayetaka kuzalisha nyoka nyumbani kwake na kuwauza kibiashara lazima aangalie kwanza mlango wake uko upande gani, kwa kuwa ni halmashauri yake ndiyo itakayomkagua na kumpa leseni. Na nyoka wanaouzwa siku hizi si wale ambao babu zake wangewajua. Wapo weupe wenye macho mekundu, wapo wa kijivu, wapo wa rangi ya chungwa mwili mzima. Hakuna aliyepakwa rangi. Wote wametoka kwenye hitilafu chache za maumbile zilizoonekana kwa bahati, zikatunzwa na watu wenye subira na daftari.

Hatua kubwa ya kutunza nyoka ndani ya nyumba jijini London ilipigwa karibu na Kilburn. Mwaka 1849, bustani ya wanyama ya Regent's Park ilifungua nyumba ya reptilia, ya kwanza ya aina yake duniani. Watu walifurika. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1852, mtunzaji wa nyoka Edward Girling aling'atwa na kobra humo humo, akafa. Kwa miongo mingi baada ya hapo kazi kubwa ilikuwa kumfanya nyoka asife kwa baridi, wala hakuna aliyewaza habari za kumchagulia rangi. Mambo yaligeuka alipokuja Joan Procter, aliyekabidhiwa reptilia wa bustani hiyo mwaka 1923. Alichora mpango wa nyumba mpya iliyofunguliwa mwaka 1927, yenye joto la umeme linalopimwa na kurekebishwa kila sehemu, na vioo vinavyopitisha mwanga wa jua unaohitajiwa na wanyama hao. Alifariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 34. Sanduku la kioo lenye joto upande mmoja na ubaridi upande wa pili, linalokaa leo kwenye kona ya sebule, linafuata kanuni zilezile.

Nyakati hizo nyoka wengi walitoka porini, na Afrika Mashariki ilikuwa mojawapo ya vyanzo vyao. Tanganyika alikuwapo C.J.P. Ionides, bwana wanyamapori mstaafu aliyeishi Liwale na Newala, maarufu kwa jina la Bwana Nyoka. Aliwakamata kwa maelfu, akawapeleka kwenye bustani za wanyama na makumbusho ng'ambo hadi alipofariki mwaka 1968. Kwa mtu wa kawaida, kulikuwa na maduka kama Palmer's ya Parkway, Camden Town, ambayo kibao chake kilitangaza nyani na kasuku wanaosema.

Mageuzi ya rangi yalianzia Marekani. Mwaka 1953 nyoka wa mahindi mwenye ualbino alikamatwa North Carolina. Daktari wa ngozi wa Georgia, H. Bernard Bechtel, pamoja na mkewe, walifuatilia uzao wa aina hiyo wakiandika kila pandisho, na mwaka 1962 wakachapisha matokeo: ualbino wa nyoka hao hurithiwa kwa kanuni ileile aliyoieleza mtawa Gregor Mendel katika njegere mwaka 1866. Tangu hapo, nyoka mmoja wa ajabu hakuwa tena kioja cha kuonyeshwa kwenye sanduku. Alikuwa mwanzo wa ukoo.

Nyoka wa maziwa wa Marekani aliingia kwenye mkondo huo akiwa na mtaji mkubwa. Mwanasayansi Mfaransa Lacépède alimpa jina la kitaalamu mwaka 1789. Jina lake la mitaani lilitokana na wakulima waliomkuta zizini na kumsingizia kwamba ananyonya ng'ombe, ilhali alifuata panya. Hana sumu. Pete zake nyekundu, nyeusi na nyeupe au manjano zinafanana na za nyoka wa matumbawe, ambaye sumu yake ni kali, na mfanano huo humlinda dhidi ya maadui. Waliopendwa zaidi na wafugaji ni wale wa Honduras, wanaoweza kupita urefu wa mita moja na ambao kwa asili wana rangi iliyokolea.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Mfugaji ana dume mwenye ualbino, asiyetengeneza rangi nyeusi. Anampandisha kwa jike wa kawaida. Watoto wote wanatoka wa kawaida kwa macho, ila kila mmoja amebeba jeni ya ualbino iliyojificha. Wabebaji wawili wakipandishwa, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne ndiye atakayetoka albino. Sasa aongeze hitilafu ya pili, ile inayoondoa rangi nyekundu. Akitaka mtoto mwenye zote mbili, nyoka mweupe anayeitwa wa theluji, kutoka kwa wazazi waliobeba jeni zote mbili kwa kujificha, nafasi yake ni moja kati ya 16. Jike hutaga mayai machache tu, pengine sita, pengine kumi, na watoto huchukua miaka miwili au mitatu kukomaa. Mtu anaweza kungoja misimu kadhaa asimwone aliyemtaka. Mbebaji na asiyebeba hawatofautiani hata kidogo kwa sura, kwa hiyo pasipo kumbukumbu ya maandishi kazi yote inapotea.

Siku ya kuanguliwa ndipo hesabu inapokaguliwa. Yai la nyoka ni laini kama ngozi. Baada ya miezi miwili hivi kwenye joto la nyuzi 27 au 28, linaanza kunywea, kisha mtoto analichana kwa jino dogo lililo mbele ya mdomo. Kichwa kinatokeza, kinatulia. Anaweza kukaa hivyo siku nzima, akimalizia kiini cha yai, huku mfugaji akiangalia jicho: likiwa jekundu, ualbino umefika.

Afrika Mashariki nayo ina wake kati ya nyoka hao wa rangi. Boa wa mchanga wa Kenya, mfupi, mnene, wa rangi ya chungwa yenye mabaka meusi, hujifukia kwenye udongo wa nchi kavu kuanzia Misri hadi kaskazini mwa Tanzania. Hatagi, huzaa watoto hai. Aina ya Kenya iliitwa loveridgei mwaka 1932 kwa heshima ya Arthur Loveridge, aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya Nairobi kabla ya kwenda Harvard. Leo boa huyo ana albino wake, wa theluji wake na wenye mistari, na kati ya majina ya aina zake wafugaji wa ng'ambo wanalitaja la Dodoma. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, lakini ukoo uliokwisha kuvuka bahari unaendelea kuzaa bila kuhitaji hata nyoka mmoja kutoka nyumbani.

Kupendelea sura kumeleta gharama. Kupandisha mama na mwanawe ili rangi itokee haraka huleta watoto dhaifu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa chatu mdogo wa Afrika, anayepatikana Ghana na Benin hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Aina yake iitwayo buibui, yenye utando wa mistari myembamba, ilizalishwa Marekani mwaka 1999. Wanaozaliwa nayo hutikisa kichwa, hupinda shingo na wengine hushindwa kulenga mawindo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sikio lao la ndani halikuumbika sawasawa. Mabaka na ugonjwa vimetoka kwenye jeni ileile, hivyo hakuna ujuzi utakaovitenganisha. Chama cha wafugaji wa reptilia cha Uingereza, International Herpetological Society, kiliondoa aina hiyo kwenye maonyesho yake ya mauzo mwaka 2018.

Sheria ya Uingereza ilifika kwa hatua. Ya mwaka 1951 ilitaka maduka ya wanyama yawe na leseni, marekebisho ya 1983 yakakataza kuwauza barabarani na kwenye vibanda vya sokoni, na kanuni za 2018 zikawabana pia wauzaji wa nyumbani. Kumfuga nyoka wa maziwa hakuhitaji leseni, kumfanyia biashara ndiko kunakohitaji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kilburn au popote ulipo, ukivutiwa na nyoka wa rangi, usianze na bei. Omba uonyeshwe wazazi wake, umri wao na udugu wao, na umwone akila. Muuzaji asiye na kumbukumbu hizo anakuuzia ngozi tu, na hasara ya mwili ulio ndani yake utaibeba wewe kwa miaka 15 au zaidi.