Shabiki mgeni atamjuaje mpiganaji stadi wa mapigano mseto?

MCHEZO wa mapigano mseto, ambao ulimwenguni hujulikana kwa herufi MMA, una mashabiki wake hata Garissa, Wajir na Mandera, ambako kabumbu ingali ndiyo inayotawala viwanja. Pambano kuu likifanyika Las Vegas Jumamosi usiku, kwa saa za Kenya huwa ni Jumapili asubuhi, watu wakiwa wameshatoka msikitini kwa sala ya alfajiri. Likifanyika Abu Dhabi, mji ulio saa moja tu mbele ya Nairobi, hutazamwa usiku huo huo.

Tatizo la shabiki mgeni, basi, si kukosa pambano la kutazama. Tatizo ni kutojua anachokitazama. Aghalabu humsifu anayerusha makonde mengi, humdharau anayemng'ang'ania mwenzake sakafuni, na humwamini yeyote ambaye rekodi yake haina doa.

Makosa hayo yangekuwa ya kuchekesha tu lau yasingegharimu. Wapo wanaoweka fedha kwenye kamari za simu wakiongozwa na video ya sekunde ishirini, sembuse kwamba dini ya wengi wao imeiharamisha kamari yenyewe. Wapo pia chipukizi wanaojikabidhi kwa mwalimu asiyejua kitu, kwa kuwa tu anapiga gunia kwa kishindo.

Na hali mkazi wa Garissa hahitaji kufunzwa maana ya kupima. Katika soko la mifugo la mji huo, ambalo ni mojawapo ya makubwa zaidi Afrika Mashariki, hakuna anayemnunua ngamia kwa sababu ya mlio wake. Mnunuzi humfungua kinywa akatazama meno ili ajue umri, humtembeza aone anavyokanyaga, kisha akauliza ametoka malisho gani. Mpiganaji naye ana maswali yake: anasimamaje, amepigana na nani, na pumzi yake itamfikisha wapi.

Kwanza, kanuni. Pambano la kawaida huwa la raundi 3 za dakika 5 kila moja, na la kuwania taji huwa la raundi 5. Wapiganaji hupangwa kwa uzani. Katika shirika la UFC, kwa mfano, daraja za wanaume huanzia kilo 56.7 na kuishia kilo 120.2. Majaji watatu huketi kando ya ulingo, na kila mmoja humpa mshindi wa raundi pointi 10 na aliyeshindwa pointi 9, au 8 iwapo amelemewa vibaya.

Waliozoea ndondi watautambua utaratibu huo. Ndio uliompa Mkenya Fatuma Zarika taji la dunia la WBC mjini Flint, Marekani, mnamo Oktoba 2016, alipomshinda Alicia Ashley kwa uamuzi wa majaji wawili dhidi ya mmoja. Tofauti ni kile kinachohesabiwa. Katika mapigano mseto jaji hutazama kwanza mapigo yenye madhara pamoja na mieleka yenye manufaa. Ni pale tu wawili hao wanapolingana kabisa katika hayo ndipo huuliza nani alikuwa akishambulia zaidi, na mwisho kabisa nani aliyeutawala ulingo. Kusonga mbele peke yake, hata kama umati unashangilia, hakumpi mtu raundi.

Kwa hivyo swali la kwanza la shabiki lisiwe nani anapiga. Liwe: pambano linapiganiwa wapi, na ni nani aliyeamua liwe hapo? Wapiganaji wanaweza kuwa wamesimama mbali mbali wakirushiana makonde na mateke. Wanaweza kuwa wamekumbatiana kwenye seng'enge ya ulingo. Au wanaweza kuwa sakafuni. Mpiganaji stadi humlazimisha mwenzake acheze mahali asipopapenda.

Somo hilo ni la kale kama UFC yenyewe. Katika mashindano ya kwanza yaliyofanyika Denver, Marekani, Novemba 12, 1993, hapakuwa na daraja za uzani. Mbrazili Royce Gracie, mtu wa umbo la wastani, aliwashinda watu watatu usiku mmoja kwa ujuzi wake wa jujitsu. Wa kwanza wao alikuwa bondia Art Jimmerson, aliyeingia ulingoni amevaa glavu mkono mmoja tu, mkono wa pili ukiwa mtupu. Alipobwagwa chini na Gracie akamkalia juu, Jimmerson alisalimu amri. Makonde yake hayakupata hata nafasi ya kurushwa.

Mfano wa karibuni ni wa Agosti 16, 2025 mjini Chicago, ambapo Khamzat Chimaev alimvua taji la uzani wa kati Dricus du Plessis wa Afrika Kusini. Kati ya dakika 25 za pambano hilo, Chimaev alimdhibiti mwenzake kwa zaidi ya dakika 21, na majaji wote watatu wakatoa hesabu ya 50-44. Mtu anayetafuta damu na vishindo angeona ni usiku wa kuchosha. Anayejua angeona bingwa wa dunia, mwanamume mwenye nguvu nyingi ajabu, akijaribu kuinuka mara kwa mara na kila mlango ukifungwa kabla hajaufikia.

Vijana waliokulia malishoni wakichezeana mieleka ya kienyeji, ambayo Wasomali huiita legdan, wataelewa nusu ya jambo hili bila kuambiwa. Wanajua kwamba ngwala haitegemei nguvu bali wakati, na kwamba kiuno huanguka kabla ya kichwa. Nusu wasiyoijua ni kinachofuata baada ya mtu kuanguka, kwa kuwa katika mieleka ya kienyeji kuanguka ndio mwisho wa mchezo, ilhali hapa ndio mwanzo.

Sakafuni, aliye juu si lazima awe ndiye anayeshinda. Ikiwa aliye chini amembana kiuno kwa miguu yake miwili, aliye juu bado ana kazi, na anaweza hata kukabwa akiwa huko huko juu. Hatari huongezeka anapoivuka miguu hiyo na kumkalia mwenzake kifuani. Mahali pabaya kuliko pote ni kumpa adui mgongo. Hapo ndipo huingia kabali, ile ambayo mitaa ya Nairobi huiita ngeta: mkono huizunguka shingo na kuzuia damu kufika kwenye ubongo, na aliyekabwa barabara aweza kuzirai katika muda wa sekunde kumi hivi. Ndiyo sababu mpiganaji hugonga kwa kiganja kuashiria kusalimu amri, na ndiyo sababu haifai kabisa vijana kujaribiana kabali uani pasipo msimamizi.

Lipo pia jambo ambalo jicho geni haliwezi kuliona mpaka lielekezwe, nalo ni nguvu ya tishio. Oktoba 6, 2018, mjini Las Vegas, Khabib Nurmagomedov wa Dagestan alikutana na Conor McGregor wa Ireland. McGregor ndiye aliyesifika kwa makonde, na Khabib kwa mieleka. Hata hivyo katika raundi ya pili ni Khabib aliyemwangusha McGregor kwa konde la mkono wa kulia. Anayehofia kubebwa miguu hushusha mikono kuikinga nyonga, na uso ukabaki wazi. Pambano liliishia katika raundi ya nne, McGregor akigonga baada ya kunyongwa shingo.

Khabib alistaafu Oktoba 2020 baada ya kumshinda Justin Gaethje mjini Abu Dhabi, rekodi yake ikiwa 29-0. Tarakimu ya kwanza ni ya ushindi, ya pili ni ya kushindwa, na ikiwapo ya tatu huwa ni ya sare. Rekodi ya namna hiyo ina uzito kwa sababu ya majina yaliyomo katika sehemu yake ya mwisho: McGregor, Dustin Poirier, Gaethje. Mtu mwingine aweza kuwa na ushindi 15 mfululizo dhidi ya watu waliookotwa ili wapigwe, na biashara hiyo haikuanza jana; ndondi iliijua tangu zamani. Shabiki aisome rekodi ya mpinzani kabla ya kuisoma ya anayemshangilia.

Wala rekodi yenye doa si aibu. Pengine hakuna mpiganaji anayefundisha hilo vizuri kumshinda Francis Ngannou wa Cameroon. Aliingia mwaka wa 2018 akiwa ametoka kumzimisha Alistair Overeem kwa konde lililozungumzwa dunia nzima, na wengi waliona kwamba taji la uzani mzito lilikuwa lake tayari. Januari 20 mwaka huo, mjini Boston, Stipe Miocic alimwacha arushe makonde yake mazito hewani, akamchosha, akambwaga chini mara kadhaa na kumshinda kwa 50-44 kwa hesabu ya kila jaji. Siri ilifichuka: Ngannou alikuwa na nguvu za kutisha, lakini pumzi ya raundi moja na kinga finyu ya mieleka.

Walirudiana Machi 27, 2021. Miocic alipojaribu tena kumkamata miguu katika raundi ya kwanza, Ngannou alirusha miguu yake nyuma, akamlemea kwa uzito na kumrudishia makonde. Hakuharakisha. Katika raundi ya pili alimzimisha, akawa bingwa. Na Januari 2022 mambo yalishangaza zaidi: akiwa na jeraha la goti, na Ciryl Gane akiwa ameanza vyema kwa wepesi wa miguu, Ngannou yule yule aliyewahi kubwagwa ovyo ndiye aliyeanza kumbwaga mwenzake, akahifadhi taji kwa uamuzi wa majaji wote. Hapo ndipo ustadi ulipoonekana kuliko katika nokauti zake zote: mtu ameondolewa silaha yake ya kwanza, na bado anayo ya pili.

Kwa wanaokimbilia kamari, wakumbuke usiku wa Agosti 20, 2022 mjini Salt Lake City. Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa akiongoza kwa pointi dhidi ya Leon Edwards. Ikisalia chini ya dakika moja raundi ya tano imalizike, teke moja la kichwa likamlaza chini. Kila aliyempima Usman kuwa ndiye bora zaidi kwa dakika 24 alimpima sawasawa, na bado angepoteza fedha zake.

Mapenzi nayo yana nafasi yake. Si ajabu Khabib kupendwa na vijana wa Kiislamu, wala Israel Adesanya na Ngannou kupendwa na Waafrika. Ila shabiki ayatenge mapenzi na hesabu. Njia nyepesi ni kuzima sauti ya televisheni, kwa kuwa watangazaji humvuta mtazamaji upande wao, kisha kuandika pointi za kila raundi kwenye karatasi kabla ya majaji kusomewa. Baina ya raundi, amtazame mpiganaji akiwa kitini: anapumua kwa pua au kinywa kimeachama? Anamsikiliza mwalimu, au macho yanatangatanga?

Kwa anayetaka kujifunza mwenyewe, mwalimu hupimwa kwa siku ya kwanza. Akianza kwa kufundisha namna ya kuanguka bila kuumia, na akimwachisha papo hapo kila anayeendelea kukaba baada ya mwenzake kugonga, huyo anajua kazi yake. Anayewapanganisha wageni wapigane kichwani siku ya kwanza ni wa kuepukwa, hata kama ukuta wake umejaa medali.

Na kwa anayetaka pa kuanzia kutazama, achukue mapambano yale mawili ya Ngannou na Miocic, ayatazame moja baada ya jingine, jicho lisiwe kwenye makonde bali kwenye nyonga na miguu ya Ngannou kila mara Miocic anapoinama.