Shokapu za umeme: ulipie au uache?

Wadau, kabla hujaongeza hela upate pikipiki ya safari ndefu yenye shokapu za umeme, tuangalie kwanza zilikotoka.

Mwaka 1935 BMW walitoa R12, iliyokuwa na shokapu za mbele zenye mafuta ya kutuliza mitikisiko. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kwa miongo mingi iliyofuata, ukipakia abiria na mabegi ilibidi ushuke, ushike spana, ukaze springi ya nyuma. Wangapi walijisumbua? Wengi waliondoka hivyo hivyo, nyuma kumebonyea, taa inamulika miti.

Mwaka 2004 BMW K 1200 S ikaja na kitufe. Unabonyeza, mota ndogo inakaza springi. Spana kwaheri! Ila mfumo ule haukuisoma barabara; ulibaki pale ulipouweka.

Kusoma barabara kulikuja baadaye. Kwenye Ducati Multistrada 1200 S na BMW R 1200 GS za 2013, sensa zinapima mtikisiko na kompyuta inabadili ugumu wa shokapu papo hapo, ukiwa mwendoni.

Kwa hiyo jina ni moja, kazi ni mbili. Ukinunua mtumba, uliza ni ipi, na uliza pia bei ya shokapu mpya siku hiyo ikivuja.

Leo unabeba mtu, kesho uko peke yako? Lipia. Unasafiri peke yako na begi lile lile? Kaza springi mara moja, hela iliyobaki nunua matairi mazuri.