Jaji wa habari za Kibera naye apimwe

Mwaka 2011 nilialikwa kuwa mmoja wa majaji wa shindano la wanahabari ambalo sitalitaja. Tuliletewa makala, picha na vipindi vya redio. Makala moja ilinitoa machozi. Mwandishi alieleza maisha ya Kibera: mitaro ya majitaka, vyoo vya kuruka, watoto wanaocheza juu ya reli. Aya ya kwanza ilidai kwamba hicho ndicho kitongoji duni kikubwa zaidi barani Afrika, chenye wakazi zaidi ya milioni moja. Niliipa alama 87 kwa 100. Ikashinda.

Wiki chache baadaye niliisoma darasani kama kielelezo cha uandishi bora. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Kawangware, akainua mkono. "Prof, hiyo milioni moja ilihesabiwa lini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Na jibu lilikuwapo bwana! Matokeo ya sensa ya 2009, yaliyotangazwa Agosti 2010, yalionyesha kwamba Kibera ilikuwa na watu 170,070. Naam, wapo waliopinga hesabu hiyo wakisema kuna walioachwa nje. Hata hivyo, kati ya laki moja na elfu sabini na milioni moja kuna shimo ambalo jaji makini angelichungulia. Mimi nililiruka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza vigezo vyetu vya kutuza vilitoka wapi. Kuhukumu kazi za mawasiliano si jambo geni katika eneo hili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisoma miswada ya Kiswahili na kuidhinisha ile iliyofuata lugha sanifu iliyojengwa juu ya Kiunguja. Kigezo kilikuwa usanifu. Katika shindano la hadithi la mwaka 1957-58, Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar aliibuka mshindi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kazi iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1960. Hapo kilichotafutwa ni ufundi wa kusimulia.

Mwaka 1995 ikaja tuzo ya CNN kwa wanahabari wa Afrika. Tuzo yake ya picha ilipewa jina la Mohamed Amin, Mkenya aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizoishtua dunia, na ambaye alifariki mwaka 1996 ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Boniface Mwangi aliitwaa mara mbili, 2008 na 2010. Katika mkondo huu, kigezo kikuu kimekuwa athari: je, kazi imegusa nyoyo?

Usanifu, ufundi, athari. Vyote ni vigezo vizuri. Lakini hakuna hata kimoja kinachouliza kama jambo lenyewe ni la kweli, wala kama wanaosimuliwa wangejitambua katika simulizi hiyo.

Fikiria jinsi Kibera ilivyosimuliwa. Filamu The Constant Gardener, iliyopigwa kwa sehemu humo, ilitoka mwaka 2005, na mwaka uliofuata Rachel Weisz akapata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake. Agosti 2006 alikuja Barack Obama, akiwa bado seneta. Januari 2007 akaja Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kila mgeni alifuatwa na kamera, na kila kamera ilitafuta bati lenye kutu.

Kumbe Kibera ina historia ndefu kuliko bati hilo. Jina lake latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Waliopewa ardhi hiyo walikuwa askari wa asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza, na mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa eneo la kijeshi. Jamii ya Wanubi ilisubiri hatimiliki hadi 2017, na hata hapo ikapata ekari 288 tu. Hiyo nayo si habari ya kutuzwa?

Wenyeji hawakukaa kimya. Mwaka 2007 kituo cha redio cha Pamoja FM kilianza kuwatangazia wakazi wa Kibera. Reli ilipong'olewa na nyumba kuteketezwa mapema mwaka 2008, watangazaji wake waliwasihi vijana watulie. Shida ni kwamba hakuna kamera inayoweza kupiga picha ya nyumba ambayo haikuchomwa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, kupitia mradi wa Map Kibera, walizunguka na vifaa vya GPS na kuchora ramani ya mtaa ambao kwenye ramani za mtandaoni ulikuwa karibu mtupu.

Nina kosa la pili la kuungama. Katika shindano lile lile kulikuwa na kipindi cha redio kuhusu bei ya mtungi wa maji, kikisimuliwa na kina mama wa mtaani kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Majaji wenzangu walikifuata kwa tafsiri ya Kiingereza. Mimi nilikielewa neno kwa neno, nami nikakikata alama kwa sababu "lugha haikuwa sanifu". Mwaka 2011, profesa mzima, nilihukumu kwa kipimo cha 1930! Kipindi kile kilitaja bei, siku na vioski. Hakikuwa na takwimu hata moja ya kubuni.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana napendekeza kila jopo liwe na mtu anayetoka mahali panaposimuliwa, takwimu zikaguliwe kabla ya alama kutolewa, na kazi ya Kiswahili isikilizwe kwa Kiswahili. Mwandishi anayesifiwa kwa chumvi atazidi kuitia, kama yule mgema na tembo lake.

Mshindi wetu alipata ngao na safari ya ng'ambo. Kina mama wa mtungi wa maji hawakupata hata barua ya shukrani, na alama zilizowaangusha zilikuwa na sahihi yangu.