Shaba na Nini?

Gitaa lisilotumia umeme tumezoea kuliita gitaa kavu. Ukavu huo ni wa umeme tu; sauti yake ina utamu wa kila namna, na sehemu kubwa ya utamu huo imo katika nyuzi. Anayetaka gitaa lake lipendeze zaidi, kabla hajatoa pesa, na alitafakari kwanza neno moja: shaba.

Nyuzi ni sita. Mbili nyembamba ni chuma cha pua kitupu. Nne zilizobaki zina moyo wa chuma hicho uliozungushiwa waya mwembamba, na waya huo madukani huitwa bronzi. Pakiti nyingi zimeandikwa 80/20, yaani shaba nyekundu asilimia 80 na zinki asilimia 20. Hapo jina la biashara limepotoka, kwa kuwa bronzi ya asili ni shaba iliyochanganywa na bati. Wenye haki ya jina hilo ni uzi wa bronzi ya fosforasi: shaba takriban asilimia 92, bati karibu 8, na fosforasi chembe tu. Kampuni ya D'Addario iliuingiza sokoni mwaka 1974.

Kiswahili hakikupotoka. Neno shaba tumelipata kwa Waarabu, nao walisema shabah kwa shaba iliyochanganywa hadi ikawa ya manjano, ikafanana na dhahabu. Kufanana ndiko kiini cha neno, na ndugu yake tunaye hadi leo: mshabaha. Basi uzi wa 80/20, unaong'aa kama dhahabu ukiwa mpya, ni shaba kwa maana kongwe kabisa. Baadaye neno likapanuka, likabeba hata shaba nyekundu ya Katanga, mkoa ulioitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Huko ndiko alikotoka Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili huku akicharaza gitaa kavu, na ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952.

Sauti nayo ina vitenzi vyake. Uzi wenye zinki hulia: sauti kali, inayopenya kelele za watu, ila makali yake hufifia mapema kwa jasho la vidole. Uzi wenye bati huvuma: sauti nene, tulivu, inayodumu zaidi. Kwa hiyo gitaa linalovuma kupita kiasi lipe uzi unaolia, na lile linalokwaruza masikio lipe uzi unaovuma.

Unene nao una neno lake. Katika seti ya nyuzi iitwayo 12, uzi wa kwanza, mwembamba kuliko wote, una unene wa milimita 0.30; katika iitwayo 10, milimita 0.25. Uzi mnene huvuta ubao kwa nguvu, sauti ikajaa. Mwembamba huvihurumia vidole, lakini sauti hupungua. Na gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni lisifungwe za chuma kamwe, maana mvuto wake unaweza kulipinda ubao na kung'oa kibao kinachoshika nyuzi.

Ukifika dukani, usiulize bronzi ipi ni nzuri. Uliza: hii ni shaba na nini? Ukiambiwa zinki, gitaa litalia. Ukiambiwa bati, litavuma.