Mikakati ya uchezaji katika michezo ya video ya besiboli

Mikakati ya uchezaji katika michezo ya video ya besiboli ni mbinu ambazo mtu huzitumia anapocheza besiboli kwenye kompyuta, simu au mashine ya michezo iliyounganishwa na runinga. Mbinu hizo zinahusu namna ya kupiga mpira, kuurusha, kukimbia kati ya besi, kupanga walinzi na kuongoza timu. Mchezaji anayezirudia mpaka zikawa desturi yake husemwa kuwa na mtindo wake wa uchezaji.

Mtindo huo hutokana na mambo mawili: hulka ya mchezaji mwenyewe, na kanuni ambazo watengenezaji wameziandika ndani ya programu. Kwa sababu hiyo, mbinu inayoleta ushindi uwanjani inaweza kushindwa kwenye skrini, na mbinu isiyothaminiwa sana uwanjani inaweza kuwa silaha kali kwenye skrini.

Msingi wa mchezo

Besiboli huchezwa na timu 2 zenye wachezaji 9 kila moja. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu nyingine, ambaye hujaribu kuupiga kwa gongo na kukimbia kupitia besi 3 hadi arudi kwenye besi ya nyumbani na kupata pointi. Mpira unaopita ndani ya eneo la straiki, yaani juu ya besi ya nyumbani na kati ya magoti na kifua cha mpigaji, huhesabiwa straiki hata kama mpigaji hakuugusa. Akizungusha gongo na kuukosa, hiyo pia ni straiki. Straiki 3 humtoa mpigaji. Mipira 4 iliyorushwa nje ya eneo hilo, naye akaiacha ipite, humpa besi ya kwanza bure. Wakitolewa wachezaji 3, timu hubadilishana zamu. Mchezo wa kawaida una awamu 9, hivyo kila timu ina nafasi 27 tu za kutolewa.

Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka besi ya nyumbani. Mpira wenye kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji chini ya nusu sekunde. Karibu mikakati yote ya upigaji, uwanjani na kwenye skrini, inaanzia kwenye ufinyu huo wa muda.

Historia

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 John Burgeson, mfanyakazi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, aliandika programu ya besiboli kwa ajili ya kompyuta ya IBM 1620. Mtumiaji alichagua wachezaji wa timu yake, kisha kompyuta ilikokotoa matokeo. Mkakati wote ulikuwa katika kuchagua kikosi. Mwaka 1971 Don Daglow, aliyekuwa mwanafunzi wa Pomona College huko California, aliandika mchezo wa besiboli kwenye kompyuta ya PDP-10.

Mchezo wa Home Run wa kampuni ya Atari, uliotolewa mwaka 1978, ulimpa mchezaji nafasi ya kupiga na kurusha yeye mwenyewe, ingawa timu yake haikuwa na wachezaji wote 9. Mwaka 1983 Daglow na Eddie Dombrower walitengeneza Intellivision World Series Baseball, uliouonyesha uwanja kutoka pande mbalimbali kama matangazo ya runinga.

Hao wawili walitoa pia Earl Weaver Baseball mwaka 1987. Earl Weaver alikuwa meneja maarufu wa timu ya Baltimore Orioles, na maamuzi ya kompyuta katika mchezo huo yalijengwa juu ya maelezo yake. Mtu aliweza kucheza kwa mikono au kubaki meneja tu. Kwa namna hiyo mtindo wa mtu halisi uliingizwa ndani ya programu.

Nchini Japani kampuni ya Namco ilitoa Pro Yakyū Family Stadium mwaka 1986, ambao ulikuwa msingi wa R.B.I. Baseball nchini Marekani. Mwaka 1994 Konami ilianzisha mfululizo wa Jikkyō Powerful Pro Yakyū. Mfululizo wa MLB: The Show wa kampuni ya Sony ulianza mwaka 2006, na tangu mwaka 2021 unapatikana pia kwenye mashine za Xbox.

Mitindo ya upigaji

Wapigaji hugawanyika kwanza kati ya wavumilivu na wenye pupa. Mpigaji mvumilivu huiacha mipira ya mwanzo ipite ili asome mazoea ya mrushaji, amchoshe, na pengine apewe besi ya bure. Mwenye pupa hupiga mpira wa kwanza unaoonekana kufaa, kwa kuwa warushaji wengi hupenda kuanza na straiki. Anayecheza dhidi ya mvumilivu humtupia straiki za mapema. Anayecheza dhidi ya mwenye pupa humtegea mipira inayotoka nje ya eneo dakika ya mwisho. Kwa hiyo mchezaji asiyebadili mtindo hujulikana haraka.

Mgawanyiko wa pili unahusu nguvu na uhakika. Katika Powerful Pro Yakyū mpigaji husogeza alama kwenye skrini hadi mahali anapodhani mpira utafika. Ukubwa wa alama hiyo hutegemea uwezo wa mpigaji, na akichagua pigo la nguvu alama huwa ndogo. MLB: The Show ina njia inayofanana na hiyo, pamoja na njia rahisi zaidi ambapo mchezaji huchagua tu mwelekeo wa pigo, au hubonyeza kitufe kwa wakati unaofaa bila kulenga. Wapendao homurani, yaani pigo linalouvusha mpira nje ya uwanja, hukubali kukosa mara nyingi. Wengine hutafuta mapigo madogo yanayojaza besi, hasa mkimbiaji anapokuwa tayari kwenye besi ya tatu.

Vifaa navyo vina sehemu yake. Runinga nyingi huchelewa kidogo kuonyesha picha, na mtandao wa intaneti huongeza ucheleweshaji. Pale mpira unapofika chini ya nusu sekunde, upungufu mdogo kama huo unatosha kumchelewesha mpigaji hodari. Ndiyo maana wachezaji wa mashindano huwasha hali maalumu ya runinga inayopunguza ucheleweshaji, na wengine hujizoesha kuanza kuzungusha gongo mapema.

Mitindo ya urushaji

Urushaji ni sanaa ya kudanganya. Mrushaji ana mpira wa kasi, mpira unaopinda, na mpira wa polepole unaorushwa kwa mkono uleule unaoonekana kama wa mpira wa kasi. Mbinu ya msingi ni kubadili kasi na mahali: mpira wa kasi juu karibu na mwili, kisha wa polepole chini upande wa mbali. Mrushaji mzuri hufikiri mipira 2 au 3 mbele, kama mchezaji wa bao anayehesabu kete kabla ya kuzisogeza.

Namna ya kurusha hutofautiana baina ya michezo. Katika R.B.I. Baseball mchezaji aliweza kuupinda mpira ukiwa tayari hewani. Baadhi ya michezo ya baadaye hutumia kipimo ambacho mchezaji hukisimamisha kwa kitufe, kwanza kwa ajili ya nguvu na kisha kwa ajili ya usahihi. MLB The Show 21 iliongeza njia ambayo mchezaji huchora umbo fulani kwa kijiti cha padi, na kadiri anavyochora vizuri ndivyo mpira unavyofika mahali palipokusudiwa. Wenye mikono mitulivu huipenda njia hiyo. Wengine huchagua njia rahisi ili akili ibaki kwenye kumsoma mpinzani.

Uchovu wa mrushaji ni jambo lingine la kuamua. Wapo wanaomwacha mrushaji wao bora hadi aanze kupigwa ovyo, na wapo wanaombadilisha mapema. Anayechelewa hupoteza pointi. Anayewahi mno huishiwa na warushaji iwapo mchezo utavuka awamu ya 9.

Kukimbia besi na kuiba

Kuiba besi ni kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa. Katika besiboli halisi takwimu zinaonyesha kwamba mbinu hii huanza kuleta faida pale tu mkimbiaji anapofaulu takriban mara 7 kati ya 10 au zaidi, kwa sababu kila anayekamatwa hupunguza zile nafasi 27. Hesabu hiyohiyo huwafanya mameneja wengi waepuke kuugusa mpira kwa upole ili kumsogeza mwenzao, maana mpigaji hujitoa mhanga. Weaver alikuwa miongoni mwa waliosimamia msimamo huo.

Kwenye skrini hesabu inaweza kugeuka. Mfano unaojulikana sana ni Vince Coleman wa timu ya St. Louis Cardinals, aliyeiba besi 109 katika msimu wa 1987. Katika R.B.I. Baseball kasi yake ni kubwa kiasi kwamba ni vigumu sana kumkamata, na wachezaji wengi walichagua timu hiyo kwa ajili yake. Mchezaji makini hupima kwanza tabia ya programu: je, mdakaji wa kompyuta hutupa mpira haraka? Je, walinzi wake hukosea wakishtukizwa?

Mtindo wa meneja

Baadhi ya wachezaji hawapendi kubonyeza vitufe. Wao hujenga kikosi, hubadilishana wachezaji na timu nyingine, hukuza vijana na kutazama matokeo ya misimu mingi. Mchezo wa Out of the Park Baseball, uliobuniwa na Mjerumani Markus Heinsohn na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1999, umetengenezwa kwa ajili yao. Hapa ushindi hutokana na subira, bajeti na usomaji wa takwimu.

Katika michezo mingine mtu huongoza mchezaji mmoja tu tangu ujana wake. Mfululizo wa Powerful Pro Yakyū una sehemu ya namna hiyo, ambamo uchaguzi kati ya mazoezi, mapumziko na urafiki huamua mchezaji huyo atakuwa mtu wa namna gani uwanjani.

Athari za mashindano na fedha

Kanuni za shindano hubadili mikakati. Mwaka 2020, msimu wa besiboli ya Marekani ulipoahirishwa kutokana na janga la UVIKO-19, wachezaji 30 wa ligi kuu, mmoja kutoka kila timu, walishindana katika MLB The Show. Michezo ilikuwa ya awamu 3 tu. Katika muda mfupi hivyo uchovu wa mrushaji hauna uzito mkubwa, na homurani moja inaweza kumaliza kazi. Bingwa alikuwa Blake Snell wa Tampa Bay Rays, ambaye kazi yake halisi ni kurusha, wala si kupiga.

Katika sehemu ya MLB: The Show ambamo timu hujengwa kwa kadi za wachezaji, kadi zinaweza kupatikana kwa kucheza au kwa sarafu ya mchezo inayouzwa kwa fedha halisi. Hivyo mchezaji asiye na fedha hulazimika kutumia muda mwingi zaidi ili kupata kikosi cha kulingana na cha mwenzake.

Uungwana na udhaifu wa programu

Kila programu ina udhaifu, kama vile aina moja ya mpira ambayo kompyuta huishindwa daima. Wanaoutumia husema kwamba kilichoruhusiwa na programu ni halali. Wanaopinga husema kwamba ushindi huo haupimi ujuzi wowote, na kwamba mchezo hupoteza ladha pale jibu linapokuwa moja tu. Kwa sababu hiyo marafiki wengi hukubaliana masharti kabla ya kuanza, kwa mfano kutoiba besi kila mara au kutochagua timu fulani. Wachezaji wa peke yao hupandisha kiwango cha ugumu, au hurekebisha mipangilio mpaka matokeo yafanane na takwimu za besiboli halisi.

Mtindo wenye manufaa ya kudumu ni ule unaoweza kubadilika. Aliyetegemea udhaifu wa toleo moja huanza upya linapotoka toleo jipya, ilhali aliyejifunza kusoma mrushaji, kuacha mpira mbaya na kutunza nafasi zake 27 huhama na ujuzi wake kutoka mchezo mmoja hadi mwingine.

Tazama pia

Besiboli
Mchezo wa video
Takwimu